Mwanaanga raia na mwanaanga binafsi: Nani huitwa hivyo, na sheria inamlinda vipi

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 25 Juni 2025, roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX iliruka kutoka Kituo cha Anga cha Kennedy, katika jimbo la Florida nchini Marekani, ikiwa na watu wanne waliokuwa wakielekea Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Safari hiyo, iliyopewa jina la Ax-4, iliandaliwa na kampuni ya Axiom Space. Katika taarifa za Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) iliitwa safari ya wanaanga binafsi, na vyombo vingi vya habari vikaitangaza hivyo hivyo.

Hata hivyo, rubani wa chombo hicho, Shubhanshu Shukla, ni ofisa wa Jeshi la Anga la India, na gharama zake zililipwa na Serikali ya nchi yake. Wenzake wawili, Sławosz Uznański-Wiśniewski wa Poland na Tibor Kapu wa Hungaria, ni wahandisi wasio wanajeshi, lakini nao walikwenda kwa ufadhili wa serikali zao. Kamanda wao, Peggy Whitson, alikuwa mwanaanga wa NASA kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuajiriwa na Axiom. Kwa maneno mengine, katika safari iliyoitwa ya binafsi hakuwamo hata mtu mmoja aliyejilipia kutoka mfukoni mwake, na aliyekaa kwenye kiti cha rubani alikuwa askari.

Mkanganyiko huu hautokani na uzembe wa waandishi. Unatokana na kuchanganya maneno mawili ambayo kila moja linajibu swali lake. Neno "raia" linajibu swali kama mtu huyo ni mwanajeshi au si mwanajeshi. Neno "binafsi" linajibu swali la nani ameandaa safari na ni nani anayebeba dhamana yake, yaani serikali au kampuni. Mtu anaweza kuwa raia bila kuwa mwanaanga binafsi, na kama tulivyoona kwa Shukla, anaweza kuhesabiwa katika safari ya binafsi ilhali si raia kwa maana hiyo.

Neil Armstrong alipokanyaga Mwezi tarehe 20 Julai 1969 alikuwa raia. Aliwahi kuwa rubani wa jeshi la majini na kupigana katika vita vya Korea, lakini alikwisha kutoka jeshini na kuwa mtumishi wa umma. Wenzake wawili katika safari hiyo, Edwin Aldrin na Michael Collins, walikuwa maofisa wa Jeshi la Anga. Miaka sita kabla ya hapo, mwezi Juni 1963, Valentina Tereshkova wa Umoja wa Kisovyeti alikuwa mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu. Kabla ya kuteuliwa alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo na mrukaji wa miavuli wa ridhaa. Cheo cha kijeshi alipewa baadaye. Hakuna aliyewahi kumwita Armstrong au Tereshkova mwanaanga binafsi, kwa kuwa kila hatua ya safari zao, kuanzia roketi mpaka chakula, ilikuwa mikononi mwa Serikali.

Mtu wa kwanza kwenda anga za juu akiwa mwajiriwa wa kampuni alikuwa mhandisi Charles Walker wa kampuni ya McDonnell Douglas, aliyeruka kwa chombo cha Discovery mwaka 1984 ili kuendesha mtambo wa kampuni yake wa kutenganisha kemikali za kutengenezea dawa. Aliruka tena mara mbili mwaka uliofuata. Jina lake halijulikani sana, na pengine ni kwa sababu kazi yake ilikwenda salama.

Jina linalojulikana ni la Christa McAuliffe. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan alitangaza kwamba mtu wa kwanza kutoka miongoni mwa wananchi wa kawaida kupelekwa na NASA angekuwa mwalimu. Walimu zaidi ya 11,000 waliomba. McAuliffe, mwalimu wa sekondari kutoka jimbo la New Hampshire, alichaguliwa, akapewa mafunzo, na akaandaa masomo mawili ya kufundisha moja kwa moja kutoka angani. Tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka, chombo cha Challenger kilivunjika na watu wote saba waliokuwamo wakafa, huku wanafunzi wakitazama kwenye televisheni madarasani. Tume ya uchunguzi ilibaini kwamba mpira wa kuzibia maungio ya roketi ya pembeni ulishindwa kufanya kazi yake katika baridi ya asubuhi ile, na kwamba wahandisi walikuwa wameonya usiku wa kuamkia safari. Mwalimu aliyekuwa wa akiba, Barbara Morgan, aliruka mwaka 2007, miaka 21 baadaye, na wakati huo hakuwa tena mwalimu mgeni bali mwanaanga kamili wa NASA.

Kifo cha McAuliffe kilibadilisha mambo kwa namna ambayo bado inaonekana. Nchini Marekani, mlango wa kumpeleka mwananchi wa kawaida kwa gharama za umma ulifungwa kwa muda mrefu. Aliyeufungua upande wa pili ni Umoja wa Kisovyeti, tena kwa sababu ya uhaba wa fedha. Mwezi Desemba 1990, Toyohiro Akiyama, mwandishi wa habari wa Japani, alipelekwa kwenye kituo cha Mir kwa malipo ya shirika lake la televisheni, akawa mwanahabari wa kwanza kuripoti kutoka huko. Mwaka uliofuata alikwenda Helen Sharman, mkemia aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya peremende nchini Uingereza, na ambaye alisikia tangazo la nafasi hiyo kwenye redio ya gari akirudi nyumbani kutoka kazini. Ndiye Mwingereza wa kwanza kufika anga za juu.

Dennis Tito, mfanyabiashara wa Marekani, ndiye aliyefungua ukurasa wa watu kujilipia wenyewe. Tarehe 28 Aprili 2001 aliruka kwa chombo cha Soyuz baada ya kulipa kiasi kinachotajwa kuwa dola milioni 20. NASA ilipinga waziwazi. Ubishi huo ulizaa jambo la maana: mwanzoni mwa mwaka 2002 nchi wabia wa Kituo cha Kimataifa zilikubaliana kanuni zinazotenganisha mwanaanga wa taaluma na "mshiriki wa safari ya anga". Istilahi hiyo ya pili, isiyo na mvuto wowote, ndiyo inayotumika rasmi hadi leo kwa mtu ambaye nchini kwetu gazeti lingemwita mtalii wa anga.

Miezi michache baadaye akaruka Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, tarehe 25 Aprili 2002, naye kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Utajiri wake ulitokana na kampuni ya usalama wa intaneti aliyoiuza mwaka 1999, na wanaotumia programu ya Ubuntu kwenye kompyuta zao wanatumia kazi ya mtu huyo huyo. Kabla ya kuruka alitumia karibu mwaka mzima katika mafunzo nchini Urusi, ikiwa ni pamoja na kujifunza Kirusi, kwa kuwa maandishi yote ndani ya Soyuz ni ya lugha hiyo. Alikaa kituoni takriban siku nane na alifanya majaribio ya kisayansi, yakiwemo yanayohusu UKIMWI. Aliondoka akiwa abiria aliyelipa. Barani Afrika alipokewa kama Mwafrika wa kwanza angani, na hakuna aliyeuliza risiti.

Hapa ndipo lugha yetu inapostahili kusikilizwa. Kiswahili kina mwanasheria, mwanahabari, mwanamaji na mwanajeshi, na katika yote hayo kiambishi "mwana" humtaja mtu kwa kazi anayoishika. Aliyesimama mahakamani siku moja kudai kiwanja chake haitwi mwanasheria. Anayevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja haitwi mwanamaji, hata kama bahari ilichafuka. Huyo ni abiria. Kwa kipimo hicho, mtu aliyefika angani kwa dakika chache na kurudi ni msafiri wa anga, na kumwita mwanaanga ni kumpa heshima kuliko kueleza kazi yake.

Marekani ilifikia hatua hiyo kwa njia ya waraka. Tangu mwaka 2004, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo (FAA) ilikuwa ikitoa beji ya mabawa kwa wanaanga wa safari za kibiashara, na wa kwanza kuipata alikuwa rubani Mike Melvill wa chombo cha SpaceShipOne. Tarehe 20 Julai 2021, siku ile ile ambayo bilionea Jeff Bezos aliruka kwa roketi ya kampuni yake ya Blue Origin, ulianza kutumika mwongozo mpya: haitoshi tena kufika kimo cha maili 50, sawa na takriban kilomita 80, ni lazima mhusika awe sehemu ya wahudumu wa chombo, na awe amefanya jambo la lazima kwa usalama wa umma au lenye mchango katika usalama wa safari za watu angani. Mwishoni mwa mwaka huo mamlaka ikatangaza kuacha kabisa kutoa mabawa, na kubaki na orodha ya majina kwenye tovuti yake. Wasafiri walikuwa wamekuwa wengi mno kwa beji hiyo kuwa na maana.

Kimo chenyewe nacho kina utata. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga huhesabu kuwa anga za juu zinaanzia kilomita 100, wakati Marekani hutumia kilomita 80. Roketi ya New Shepard ya Blue Origin huvuka mistari yote miwili. Ndege ya roketi ya Virgin Galactic, iliyombeba mwanzilishi wake Richard Branson tarehe 11 Julai 2021, ilivuka mmoja tu. Abiria wa ndege hiyo hiyo kwa hiyo amefika anga za juu kwa hesabu ya Washington, na hajafika kwa hesabu ya Shirikisho.

Tofauti kubwa zaidi kuliko ya kimo ni ya aina ya safari. Safari ya New Shepard huchukua takriban dakika 10 hadi 11, kuanzia kuruka hadi kutua kwa miavuli, na hali ya kuelea bila uzito ni dakika chache tu kati ya hizo. Hakuna rubani ndani. Kompyuta ndiyo inayoongoza, na mafunzo ya abiria huchukua siku chache. Kwa njia hiyo walikwenda Wally Funk, akiwa na umri wa miaka 82, baada ya kufaulu vipimo vya wanaanga mwaka 1961 na kunyimwa nafasi kwa kuwa ni mwanamke. Na mhandisi Sara Sabry, aliyeruka tarehe 4 Agosti 2022 kwa ufadhili wa taasisi isiyo ya kibiashara na kuwa Mmisri wa kwanza na mwanamke wa kwanza wa Afrika kuvuka mpaka huo. Kufika kwenye mzingo wa Dunia ni jambo jingine. Chombo hulazimika kufikia mwendo wa takriban kilomita 28,000 kwa saa, hukaa juu siku au majuma, na kurudi kwake hupita katika joto kali la hewa. Mtu wa safari ya namna hiyo hufanya mazoezi kwa miezi.

Na wapo watu binafsi ambao kuwaita abiria kungekuwa dhuluma. Mwezi Septemba 2021 safari ya Inspiration4 ilipeleka raia wanne kuizunguka Dunia kwa siku tatu, kwenye kimo cha takriban kilomita 585, bila mwanaanga wa serikali hata mmoja kati yao. Mmoja wao, Hayley Arceneaux, alitibiwa saratani ya mfupa utotoni katika hospitali ya Mtakatifu Jude iliyoko Memphis, akarudi kufanya kazi hapo akiwa mtu mzima, na akaruka akiwa na kipandikizi mguuni, akisimamia masuala ya tiba ndani ya chombo. Kwa vigezo vya afya vya zamani vya NASA asingefika hata kwenye usaili. Miaka mitatu baadaye, tarehe 12 Septemba 2024, mfanyabiashara Jared Isaacman na mhandisi wa SpaceX, Sarah Gillis, walitoka nje ya chombo cha Polaris Dawn kwa zamu kupima mavazi mapya. Huo ulikuwa utokaji wa kwanza wa kibiashara katika historia. Gillis kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwafundisha wanaanga. Kama yeye si mwanaanga, neno hilo litakuwa halina kazi.

Kwa upande wa Kituo cha Kimataifa, NASA ilitangaza mwezi Juni 2019 kuruhusu hadi safari mbili za binafsi kwa mwaka, kila moja isiyozidi siku 30. Safari ya kwanza, Ax-1, iliruka tarehe 8 Aprili 2022 ikiwa na wafanyabiashara watatu ambao kila mmoja aliripotiwa kulipa dola milioni 55. Walitumia muda mwingi wa maandalizi wakiwaeleza waandishi kwamba wao si watalii. Baada ya safari hiyo NASA iliweka sharti kwamba kamanda awe mtu aliyewahi kuwa mwanaanga wa serikali na mwenye uzoefu wa kuruka. Kuanzia safari iliyofuata, viti vingi vilinunuliwa na mataifa: Saudi Arabia mwaka 2023, Uturuki mwaka 2024, na zile tatu zilizotajwa mwanzoni. Nchi isiyo na roketi sasa inaweza kumpata mwanaanga wake kwa mkataba wa ununuzi, kama inavyonunua huduma nyingine. Ikiwa hiyo ni matumizi bora ya fedha za umma ni suala la kila bunge na walipakodi wake, ila mwananchi anapotangaziwa "mwanaanga wa kwanza wa taifa" anayo haki ya kujua ni kiti cha namna gani.

Soko hili limekuwa pia na ahadi hewa, na vijana wanaovutiwa na matangazo ya mitandaoni wangefaa kuzijua. Kampuni ya Mars One ya Uholanzi ilijitokeza mwaka 2012 ikiahidi kupeleka watu wa kawaida kuishi kwenye sayari ya Mihiri bila kurudi. Ilidai kupata waombaji zaidi ya 200,000, ikatoza ada ya maombi, na mwaka 2015 ikatangaza majina 100 yaliyofuzu. Haikuwa na roketi wala chombo. Mwezi Januari 2019 mahakama ya Basel nchini Uswisi iliitangaza kuwa imefilisika. Hata mradi wenye fedha halisi hauna uhakika: Mjapani Yusaku Maezawa alichagua wasanii wanane wa kuzunguka naye Mwezi, na mwezi Juni 2024 akaufuta mradi kwa kuwa chombo hakikuwa tayari na hakujulikana kitakuwa tayari lini.

Kuhusu sheria, msingi ni Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, unaowaita wanaanga wajumbe wa wanadamu na kuzitaka nchi zote kuwasaidia wanapopata ajali au kutua kwa dharura. Mwaka 1968 ukafuata mkataba wa uokoaji, ambao unazungumzia wahudumu wa chombo. Wanasheria wanabishana kama abiria aliyelipa ni mjumbe wa wanadamu, au hata mhudumu. Katika hali halisi ni vigumu kufikiria nchi itakayomwacha mtu baharini kwa kuwa alinunua tiketi, lakini maandishi hayamtaji.

Jambo ambalo mkataba wa 1967 unalisema bila utata ni kwamba taifa linawajibika kwa shughuli za anga za kampuni zake kama linavyowajibika kwa zake lenyewe, na lazima lizipe kibali na kuzisimamia. Kwa walio ardhini hii ni kinga halisi. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, na Wakala wa Anga za Juu wa nchi hiyo ukaeleza kuwa ni sehemu ya roketi. Chini ya mkataba wa dhima wa mwaka 1972, kitu cha namna hiyo kikileta madhara, nchi iliyokirusha hulipa hata kama hakukuwa na uzembe, na madai hupelekwa na serikali kwa serikali. Mwanakijiji hatakiwi kuifuata kampuni ng'ambo.

Aliyemo ndani ya chombo hana kinga kama hiyo. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 2004, kampuni inapaswa kumweleza mshiriki kwa maandishi hatari za safari, historia ya usalama ya aina hiyo ya chombo, na kwamba Serikali ya Marekani haijakithibitisha chombo hicho kuwa ni salama kubeba watu. Baada ya hapo hutia saini ya ridhaa na kuachilia haki ya kuidai fidia Serikali. Hii ni tofauti kabisa na ndege ya abiria, ambayo hairuhusiwi kuruka bila cheti. FAA inasimamia usalama wa watu walio chini na mali zao. Kuhusu walio ndani, sheria iliizuia kutunga kanuni za usalama wao isipokuwa baada ya kifo, jeraha kubwa au tukio lililokaribia hapo. Hoja ya Bunge ilikuwa kwamba sekta ni changa na iachwe kwanza ijifunze. Hata baada ya ajali ya tarehe 31 Oktoba 2014, ambapo ndege ya roketi ya Virgin Galactic ilivunjika ikiwa katika majaribio na rubani Michael Alsbury akafa, zuio hilo halikuondolewa. Awali lilipangwa kumalizika mwaka 2012. Limekuwa likiongezewa muda mara kwa mara, na kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2024 tarehe ya mwisho iliyowekwa ni 1 Januari 2028.